Kuengua Mafuta, Kubakiza Maziwa ya Mama

Mtoto ametoka salama kwenye upasuaji wa moyo. Mpira wa kifuani unatoa majimaji mepesi ya manjano. Anaanza kupewa maziwa, na kesho yake majimaji yale yamekuwa meupe kama tui.

Weupe huo ni mafuta. Mafuta mengi ya maziwa hayaendi kwenye ini moja kwa moja. Hupita kwenye mishipa ya limfu, hupanda mrija mkuu wa kifuani, ndipo huingia kwenye damu karibu na shingo. Mrija huo ukijeruhiwa, au shinikizo la damu kwenye vena za juu ya mwili likipanda baada ya upasuaji, limfu huvuja na kujaa kandokando ya mapafu. Kila mlo wa mafuta huzidisha mvujo.

Kwa miaka mingi mama aliambiwa asitishe maziwa yake, mtoto apewe ya kopo yenye mafuta ya mnyororo wa kati, ambayo hufuata damu hadi ini bila kupitia limfu. Mvujo ulipungua, lakini mtoto aliyekuwa akipoteza protini na chembe za kinga kupitia mpira ule alinyimwa pia kinga ya mama. Hilo linaniuma.

Mwaka 2007 Gary Chan na mwenzake, huko Utah, Marekani, walichapisha njia nyingine. Maziwa yaliyokamuliwa huzungushwa kwenye mashine ya sentrifuji, katika baridi, mizunguko 3,000 hivi kwa dakika, kwa robo saa. Mafuta huelea na kuganda juu kama kifuniko. Huenguliwa, maziwa mepesi yakabaki.

Kazi ngumu huanzia hapo. Mililita 100 za maziwa ya mama zina kilokalori 67 hivi, na karibu nusu hutoka kwenye mafuta. Mtoto huyu mara nyingi huhitaji kilokalori 120 hadi 150 kwa kila kilo yake kwa siku, huku akipimiwa maji. Basi huongezewa mafuta ya mnyororo wa kati, unga wa kukoleza maziwa, na vitamini A, D, E na K. Mafuta ya nazi ya jikoni hayafai badala yake: karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na sehemu yake hupita kwenye limfu.

Mara nyingi lishe hii huchukua wiki 6 hivi. Mama hukamua kila baada ya saa 3, hata usiku, maziwa yasikauke. Anayemletea uji saa 9 usiku anamtibu mtoto pia.