Namna ya Kuupima Upinde wa Mti

Upinde haupimwi ukiwa umeegemezwa ukutani. Aliyeuona umelala, mnyoofu, umesuguliwa kwa msasa na kupakwa mafuta hata ukang'aa, bado hajaona ila kipande cha mti. Maana sifa na dosari zake hufichika mpaka ugwe uvutwe, na hapo ndipo huulizwa swali lililo kubwa kuliko yote: je, kazi ya kupinda imegawanywa kwa insafu toka ncha hata ncha, au iko sehemu iliyotwishwa mzigo wa wenziwe hali nyingine imestarehe? Nayasema haya kwa ajili ya mtu atakaye kununua, kurithi au kujichongea upinde wa mti mmoja, usioungwa wala kugundishwa, wa jinsi ile wanayoichonga Wahadzabe kandokando ya Ziwa Eyasi, na waliyoichonga Waata wa nyika ya Tsavo, wawindaji wa tembo ambao pinde zao zilihitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi ili zivutike.

Anza na mgongo, yaani uso unaoelekea shabaha. Upinde ukivutwa, mgongo hutanuliwa, na tumbo, yaani uso unaomwelekea mpigaji, hubanwa. Na uzi wowote wa mti uliokatwa mgongoni hauna budi siku moja kuinuka kibanzi, na kibanzi hicho ndicho mwanzo wa kuvunjika. Miti mingi ya nchi zetu haina duara za mwaka zilizo dhahiri, kwa hiyo fundi mwenye busara huchagua shina jembamba au tawi lililonyooka, la mkone kwa mfano, akalimenya gamba taratibu, na ule uso wa kwanza ulio chini ya gamba akauacha ulivyoumbwa, bila kuutia tezo wala randa. Katika nchi za baridi, ambako duara hizo huonekana wazi, mafundi hufuata duara moja tangu mwanzo hata mwisho. Na merikebu ya vita Mary Rose, iliyozama karibu na Portsmouth mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ilitoa pinde nzima zaidi ya 130, nyingi zenye urefu wa mita 2 hivi, ambazo mti mweupe wa nje uliachwa mgongoni ustahimili kutanuliwa, na kiini chekundu kikawekwa tumboni kistahimili kubanwa. Basi tazama mgongo mahali pa nuru, fuata nyuzi kwa ukucha, na usisite kuukataa upinde ambao nyuzi zake zinakimbilia ukingoni katikati ya bawa. Penye fundo la mti, fundi mwema huacha kinundu kidogo, akazungusha nyuzi. Aliyelisawazisha fundo likawa laini amelifurahisha jicho la mnunuzi na kuutia upinde ugonjwa.

Ukiridhika na mgongo, geukia unene. Nitaziita nusu mbili za upinde mabawa, la juu na la chini. Kila kilichopunguzwa katika mabawa hayo, isipokuwa pembeni, sharti kiwe kimetolewa tumboni, na hapo kuna siri inayowahadaa wachongaji wengi wapya: upana ukipungua nusu, ugumu hupungua nusu, lakini unene ukipungua nusu, ugumu uliobaki ni sehemu moja tu katika nane. Hata unene ukipungua sehemu moja katika kumi, zaidi ya robo ya ugumu imekwenda. Ndiyo maana mkwaruzo mmoja wa kisu uliozidi, mahali pasipozidi upana wa kiganja, huweza kubadili tabia ya bawa zima. Fumba macho, shika bawa kwa dole gumba tumboni na kidole cha shahada mgongoni, kisha uteleze polepole toka kishikioni hadi nchani. Vidole visikie unene ukipungua kwa taratibu isiyokatika, au, kwa upinde uliosongwa kwa upana, ukibaki uleule. Vikisikia bonde, na baada ya bonde kilima, basi mkono uliouchonga ulikuwa na haraka.

Sasa utiwe ugwe, na hapa tuchukue wasaa, kwa kuwa ndiyo kazi yenyewe. Mwombe mwenzio auvute, au uuweke kwenye mti uliosimamishwa wenye pengo la kukalia kishikio na mapengo mengine chini yake ya kunasia ugwe, kisha usimame mbali hatua kadhaa, nyuma yake pakiwa ukuta mtupu. Usidhani kwamba mpindo mwema ni wa namna moja. Bawa lililo pana kishikioni na kusonga hadi nchani, unene wake ukiwa mmoja, hutakiwa kupinda sehemu ya duara kamili. Lile lenye upana mmoja na unene unaopungua hutakiwa kupinda kidogo karibu na kishikio na kuzidi kadiri linavyoelekea nchani. Upinde mwembamba usio na kishikio kigumu hupinda hata chini ya kiganja, nawe utausikia ukifanya hivyo. Asiyelitenganisha jambo hili atailaumu kazi nzuri, na kuisifu ile inayofanana tu na picha aliyoizoea.

Kasoro unazotafuta ni mbili. Ya kwanza ni mahali pakunjikapo kama penye bawaba, ambapo mti umechukua mzigo wa majirani zake. Ya pili ni mahali pagumu pasipopinda, ambapo mti umebebwa bure. Jicho laweza kukosea, hasa mti ukiwa na mpindo wake wa asili, kwa hiyo chukua kijiti kilichonyooka barabara, cha urefu wa sentimita 15 hivi, ukitelezeshe tumboni mwa upinde uliovutwa, na utazame mwanga ulio kati ya kijiti na mti: ukipanuka ghafula, umefika kwenye bawaba; ukitoweka, umefika penye ugumu. Iwapo mti ulikuwa na kigongo tangu porini, upime kwanza umelegea, kisha umevutwa, na hukumu yako iwe juu ya tofauti ya vipimo hivyo viwili.

Bawaba ikionekana, usikubali maneno ya muuzaji asemaye atapakwaruza kidogo patengemae. Mahali pale hapaguswi tena abadani. Hupunguzwa kwingine, pande zake zote mbili, mpaka sehemu ngumu zikubali kufanya kazi. Kila baada ya mikwaruzo michache upinde huvutwa mara thelathini hivi, kwa mvuto mfupi, ili mti udhihirishe athari ya kilichotolewa, na hauvutwi kamwe kuzidi nguvu iliyokusudiwa, maana mti uliolazimishwa kabla ya kusawazishwa huumia tumboni, na maumivu hayo hayafutiki.

Mabawa yenyewe kwa yenyewe yasilingane kabisa. Kiganja hushika chini kidogo ya katikati ili mshale upite juu yake, na kwa desturi bawa la chini huachwa gumu kidogo. Pima toka ugwe hadi tumbo mahali kila bawa linapoanzia, na nafasi ya juu izidi ya chini kwa milimita 3 hadi 6. Dalili ya mizani iliyopotoka ni kishikio kujiinamisha kiganjani unapovuta. Ncha nazo ziwe nyembamba kadiri mti unavyoruhusu, kwa kuwa uzito ulioachwa pale huunyima mshale mwendo na kuurudishia mkono kishindo.

Kisha piga mishale, na mara tu ukimaliza vua ugwe, uone mti umejilaza kiasi gani, yaani umebaki umepinda kwa kuufuata ugwe. Funga uzi toka ncha hadi ncha, upime umbali wake hadi kishikioni, ulinganishe na ulivyokuwa mti kabla ya kuchongwa, ikiwa mwenyewe anakumbuka. Sentimita 2 na nusu ni kazi ya sifa, 5 zinavumilika, zaidi ya hapo tumbo limepondeka. Kumbuka lakini kwamba mti hunywa unyevu wa hewa, na upinde uliokauka vizuri Dodoma ukiletwa Mombasa wakati wa masika utalegea na kufuata ugwe bila kosa la aliyeuchonga. Angalia pia tumboni kama pana mikunjo myembamba iliyokingama nyuzi, ambayo huonekana vizuri nuru ikiangukia ubavuni; upinde wenye mikunjo hiyo siununui kwa bei yoyote. Na nikiwekewa mbele yangu pinde mbili, mmoja umelala sentimita 4 zilizotapakaa sawasawa katika mabawa yote mawili, na mwingine sentimita 2 tu, zote zikiwa zimetoka mahali pamoja pasipozidi shubiri, nachukua ule wa kwanza, kwa kuwa huo umekwisha kujilaza, na wa pili ndio kwanza umeanza.