Ufundi wa Kujuliana Hali

Kujuliana hali ni ufundi, na una mafundi wake. Ninayemfahamu mimi anaishi Kataboi, ufuoni magharibi mwa Ziwa Turkana, mbele ya Kalokol ukielekea kaskazini. Ni mwalimu mstaafu. Tulisomea ualimu pamoja Mosoriot, kule Nandi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tukatoka na cheti cha P1, kisha TSC, mwajiri wetu walimu, ikatutawanya: huyu Mumias, yule Kitale, mwingine Kakuma, yeye akarudishwa kwao ziwani. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ulipoingia tulikuwa walimu wachanga, chaki haijatuzoea. Watahiniwa wa mwisho wa KCPE walipokalia mtihani mwaka 2023, wengi wetu tulikuwa tumeshastaafu na waliobaki wanahesabu miezi. Katika muda wote huo hakuna mwanadarasa aliyempotea.

Tulipokuwa wachanga njia ilikuwa barua. Ilifika Posta ya Lodwar, ikalala ndani ya sanduku la shule au la misheni mpaka lipatikane gari. Aliyekuwa na haraka alijaza kadi ya salamu akaituma redioni, Sauti ya Kenya, ile iliyokuja kuitwa KBC mwaka 1989, kisha akaomba Mungu mwenzake awe na betri siku hiyo. Kiwanda cha samaki cha Kalokol, kilichojengwa kwa msaada wa Norway, hakikudumu na kazi ya kugandisha samaki. Lakini malori ya samaki wakavu hayakukoma, na barua za mwenzetu zilisafiri nayo, zimekunjwa mfukoni mwa dereva. Nyingine zilinifikia zikinuka ngege. Nilizipenda hivyo hivyo.

Leo kuna simu, na watu hudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Tuna kundi letu la WhatsApp kama kila mtu, na kila asubuhi linajaa sala na picha za maua zilizotumwa kutoka kwingine. Unaweza kukaa humo mwaka mzima usijue kwamba mwenzako amefiwa na mke. Anayejua ni mtu wa Kataboi, kwa sababu ana daftari.

Ni daftari gumu, amelipiga mistari kwa rula jinsi tulivyofundishwa kupiga rejesta ya darasa. Safu ya kwanza ina jina. Inafuata ya mume au mke, ya watoto, ya tarehe waliyozungumza mara ya mwisho. Safu ya mwisho ndiyo pana kuliko zote, na humo huandika atakachouliza akipiga tena. "Goti la kushoto, alipigwa picha?" "Mjukuu wa Kapsabet, alipata shule?" "Mtamba mweusi, amezaa?" Ufundi wote umo katika safu hiyo. Hapigi simu kusema "habari za siku nyingi", maneno ambayo hujibiwa "nzuri" hata na mgonjwa aliye kitandani. Husema, "Mwalimu, lile goti?" Na upande wa pili mtu hucheka, kisha hunyamaza kidogo, kisha husema ukweli.

Naye hutoa habari zake kwa kipimo. Ziwa lilipofura, mwaka 2020, likaingia mpaka kwenye mikoma ya ufuoni, hakutuma kilio. Alinieleza maji yamefika wapi, nani amehamisha nyumba, wavuvi sasa wanafunga mitumbwi pahali gani. Kisha akauliza mvua za Nandi. Mtu anayepokea habari ya namna hiyo hujua la kufanya: kama ni kusaidia atasaidia, kama ni kusikiliza atasikiliza.

M-Pesa ilipokuja mwaka 2007 ilirahisisha mengi, lakini yeye hatumi pesa bila sauti. Hata ikiwa shilingi mia mbili za nauli ya kwenda hospitali, atapiga kwanza. Habari ya kifo nayo haitangazi kundini kabla hajampigia aliyekuwa karibu zaidi na marehemu, na hapigi usiku. Anasubiri asubuhi, mtu awe ameshakunywa chai. Karatasi za pensheni za mtu zikikwama, anajua ni nani kati yetu aliyezifuatilia zake mpaka mwisho, na atawaunganisha.

Jambo ambalo limenifunza zaidi ni subira yake. Tuna mwenzetu mmoja, Madam, aliyefundisha Kakuma kabla ya kambi ya wakimbizi kuanzishwa mwaka 1992 na akaendelea baadaye, darasa likimfurikia watoto waliokuwa wametembea kutoka Sudan. Alipostaafu alinyamaza. Simu aliziona na hakuzipokea. Sisi wengine tulikata tamaa, wengine wakasema ameringa. Wa Kataboi aliendelea kumpigia siku ya soko, mara moja, bila kurudia na bila kumwandikia lawama. Siku Madam alipopokea, hakumuuliza alikuwa wapi. Alimuuliza kama bado ana ile sweta ya kijani ya Mosoriot, ya baridi ile iliyokuwa ikitutesa sisi wa jua kali. Walizungumza mpaka salio likaisha, Madam akapiga yeye.

Kazi hii haina mshahara wala cheti, na wengi huiona ni tabia ya mtu mwenye nafasi. Mimi naiweka pamoja na ualimu wenyewe, kwa sababu inadai yale yale: kujua majina yote, kumkumbuka asiyesema, kurudi kesho.

Basi wewe uliyestaafu, na wewe unayekaribia, nunua daftari. Andika majina ya mliokaa nao bwenini, na mbele ya kila jina weka swali moja ambalo ni yeye pekee anayeweza kulijibu. Kisha anza na yule aliyenyamaza muda mrefu zaidi, umpigie wiki hii.