Povu Halirushwi, Hulazwa

Petroli ni nyepesi kuliko maji, na ukorofi wake unaanzia hapo. Ukiimwagia maji inapowaka, yanazama chini, yenyewe inaelea na moto wake na kusafiri hadi kwa jirani. Aleksandr Loran, mwalimu wa Baku, mji wa visima vya mafuta, aliyaona hayo. Miaka ya mwanzo ya 1900 akabuni povu la kuzimia moto. Ukichanganya maji ya baikaboneti ya sodiamu, ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage, na ya salfeti ya alumini, yanafura.

Wengi tunaujua mtungi mwekundu wa poda. Poda ina haraka. Mwali huishi kwa vipande vya molekuli vinavyopokezana kazi. Chembe za poda huvinasa, moto ukafa kwa sekunde chache. Ila poda haipoozi kitu. Mvuke wa petroli ukigusa chuma chenye joto, moto unarudi, na mara nyingi unamkuta mtu ameshageuka. Walioiva katika kazi hii huondoka kinyumenyume.

Mimi sifa zangu nazipeleka kwa povu. Kinachoungua si petroli yenyewe, ni mvuke wake, na povu hufunika kama mkeka: lita 3 za dawa ya povu kwa 97 za maji, kisha hewa. Siku moja, kwenye uwanja wa mafunzo, nilimwona kijana akilielekeza katikati ya sinia la chuma linalowaka. Povu likapiga mbizi, likaibuka limelowa petroli, likawaka nalo. Mkufunzi akamnyang'anya mpira bila neno, akaulenga ukuta wa mbali wa sinia. Povu likateremka taratibu, likatambaa kama maziwa yanayochemka.

Mapovu ya tangu miaka ya 1960 yalisamehe mkono mzito: kemikali zake zenye florini zilitandaza utando mwembamba juu ya mafuta. Kumbe kemikali hizo haziozi, zinabaki kwenye udongo na maji ya visima. Yasiyo na florini yanadai mkono mpole zaidi, na nikiri, hilo halikunisikitisha.

Sinia lilipokuwa jeupe lote, kijana akashangilia. Mkufunzi hakumtazama. Pembeni, chuma cha moto kilikuwa kikilila povu, na kindimi cha buluu kikachungulia. Akarudi palepale, akamwaga tena, polepole.