Kuku wa Mkata

Wahenga wetu walisema kuku wa mkata hatagi. Akitaga haangui, akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Ni kauli ya mtu aliyekwisha kukata tamaa, anayeona umaskini wake umemwingia hadi kuku. Mimi ninaishi Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru upande wa Zambia, ambako nyua nyingi zina kuku wachache wanaochakura kati ya nyumba, mwembe na kishamba cha mihogo. Nimewatazama akina mama wa hapa wakifuga, na naona wanaijibu methali hiyo kipande kwa kipande. Kazi yao ni ufundi kamili, nao unastahili sifa tunazompa seremala au muunda mitumbwi.

Tuanze na kutaga. Yai hutoka kwenye chakula. Luapula, mkoa wetu, ni nchi ya muhogo, na maganda yake hayatupwi: hukatwakatwa na kuanikwa mpaka yakauke vizuri, kwa kuwa muhogo mbichi una sumu. Lakini muhogo peke yake haujengi yai. Hapo ziwa linasaidia. Chisense, samaki wadogo wa Mweru walio wa ukoo wa dagaa, wakishaanikwa na kupepetwa huacha vichwa na vumbi, na mabaki hayo yakichanganywa na pumba za mahindi kuku hupata nguvu ya kutaga. Fundi hajisahau kwenye kipimo, maana samaki akizidi, yai lenyewe hunuka samaki. Mwingine hutega mchwa: jioni hujaza chungu kibovu mabua na nyasi zilizoloweshwa, akakifudikiza juu ya njia ya mchwa, na asubuhi akakifunua mbele ya vifaranga. Kinachohitajika hapo ni ujuzi tu. Fedha haina kazi.

Sasa kuangua. Mwenye mkono mzuri hamwachii koo alalie chochote kilichomo kiotani. Huchagua mayai safi yasiyo na ufa, yasiyopita siku kumi tangu kutagwa, kumi au kumi na mawili kulingana na ukubwa wa koo, kisha huyatia alama ya mkaa. Kuku mwingine akija kutaga humo, yai geni linajulikana mara moja na kuondolewa. Usiku wa siku ya saba ya kulalia ndipo penye kazi ninayoipenda kuliko zote. Mama jirani huzima taa ya jikoni, huchomoa yai moja chini ya koo bila kumshtua, na kuliweka juu ya tochi ya simu aliyoizungushia kitambaa. Yai lisilo na mbegu hupitisha mwanga wote, jeupe tupu. Lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotandaa kama buibui, na katikati yake nukta nyeusi inayotikisika. Huligeuza kidogo, akanyamaza, akalirudisha. Mayai yote hukaguliwa namna hiyo, na matupu hutolewa ili joto la koo lisipotee bure. Zilizobaki ni kazi za kuku mwenyewe: huyageuza mayai mara nyingi kila siku, huondoka kwa muda mfupi tu kula na kunywa, na karibu na siku ya 21 vifaranga huanza kulia ndani ya maganda, naye huwajibu kwa sauti ya chini.

Wajuzi zaidi huwalalisha makoo wawili siku moja. Vifaranga wakitoka, wote hukabidhiwa mama mmoja usiku, na yule wa pili hurudi kutaga mapema.

Kulea ndiko kunakowakatisha wengi tamaa. Mwewe wanaozaliana Zambia hurejea kabla ya mvua, na huku ziwani, samaki wanapoanikwa, hawana haja ya kutafuta mbali. Dawa ya zamani ni tenga. Vifaranga hukaa ndani yake majuma ya mwanzo, wana maji na chakula chao ambacho wakubwa hawawezi kuwanyang'anya, na mama yao yuko karibu. Baadaye wanapoachiwa, mwenye ua husikiliza. Jogoo ana mlio mmoja wa adui wa angani na mwingine wa adui wa ardhini. Ule wa angani ukisikika, vifaranga hutumbukia chini ya mihogo kabla wewe hujainua kichwa. Mfugaji mzoefu hutofautisha milio hiyo akiwa anasonga ugali, naye hutoka nje na mwiko mkononi.

Iko hatari moja ambayo methali haikuitaja, nayo inashinda mwewe wote: mdondo. Huwa mkali zaidi majira ya joto kavu kabla ya mvua, na ukiingia kwenye ua usiochanjwa waweza kumaliza karibu kuku wote kwa siku chache. Mgonjwa hana tiba, ila kinga ipo. Chanjo ya I-2, iliyotengenezwa na watafiti wa Queensland, Australia, inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida, na imetumika sana Tanzania na Msumbiji. Ni tone moja kwenye jicho moja, likirudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kichupa kimoja hutosha kuku mamia, nawe una wanane. Ukichanja peke yako, dozi nyingi zitamwagwa, na ua wa pili utabaki na ugonjwa.

Ndiyo maana ufundi huu haumalizikii kwenye ua wa mtu mmoja. Chanjo inataka majirani wachange na kukutana asubuhi moja. Jogoo naye hubadilishanwa, kwani akibaki miaka na mabinti zake kizazi hudhoofika. Na kuku wa kuanzia mara nyingi hutoka kwa mwenzio: unapewa mtetea umtunze, na vifaranga mkagawana. Tangu mwaka 2018 wilaya hii ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yenye watu waliovuka kutoka Kongo bila mali, wengi wao wasemaji wa Kiswahili. Kwa mtu wa namna hiyo ng'ombe ni ndoto, lakini mtetea mmoja anawezekana. Hata kwa mwenyeji, uvuvi unapofungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, kuku ndiye daftari la shule na dawa ya mtoto.

Methali ilimwona mkata akiwa peke yake na kuku wake, na kwa mtu aliye peke yake ilisema kweli. Kwa hiyo ukimpa jirani mtetea, usimpe kuku tu. Mfundishe kuanika maganda, kupima yai kwa tochi na kusuka tenga, kisha mwambie siku ya chanjo na umpitie mwende pamoja.