Mume Aliyegawanywa Mafungu Matatu

Katika hila zote azitumiazo mtunzi wa hadithi, ile ya kugeuza jinsi ya mhusika, yaani kumtwaa aliyetazamiwa kuwa mwanamume akamfanya mwanamke, au kinyume chake, ni nyepesi kuianza na nzito kuimaliza. Kwani kubadili jina na vazi ni kazi ya dakika chache, lakini kubadili deni, mirathi, haki ya kusema barazani na wajibu wa kuzika, ambavyo ndivyo vimfanyavyo mtu kuwa baba au mama machoni pa jirani zake, ni kazi ya kitabu kizima. Aghalabu watunzi wetu huishia katika ile ya kwanza. Humpa binti panga na matusi ya kiume, wakadhani wameupindua ulimwengu, ilhali ulimwengu wa hadithi umebaki vile vile na kilichobadilika ni mshono wa nguo.

Mfano ulio karibu na msomaji wa Kiswahili umo katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya mchezo wa Shakespeare aliyoitoa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1969, ambamo Portia, bibi mwenye mali na ilimu, anajigeuza mwanasheria wa kiume ili apate kusimama mahali ambapo, kama alivyo, hakuna ambaye angemsikiza. Shakespeare amefaulu kwa sababu hakutosheka na joho: amempa Portia kiti chenye kazi, akamtia katika kadhia ambayo uhai wa mtu unategemea namna mkataba utakavyofasiriwa. (Na tukumbuke kwamba katika majukwaa ya London zama zile Portia mwenyewe alichezwa na mvulana, hata mgeuzo ukawa umefunikwa kwa mgeuzo.) Lakini joho lile huvuliwa. Kesi ikisha, Portia hurudi Belmont kuwa mke wa Bassanio, na kiti alichokikalia hurudishiwa wenyewe.

Sasa katika mkoa huo huo wa Mara alikozaliwa mfasiri wetu, kaskazini ya Butiama na mashariki yake, katika wilaya za Tarime na Serengeti, iko ada ya Wakurya iitwayo nyumba ntobhu, ambayo imelitenda jambo ambalo mchezo ule haukulitenda: imekihamisha kiti bila ya kumvika mtu joho, wala haikirudishi. Mtunzi atakaye kujifunza hila yetu kwa dhati na aifungue ada hii kama fundi afunguavyo saa, atazame gurudumu lipi linazungusha lipi.

Katika aila ya Kikurya yenye wake wengi kila mke ana nyumba yake, na ng'ombe waingiao kwa mahari ya mabinti wa nyumba hiyo hutazamiwa kutoka tena kwa mahari ya wake watakaoolewa na wana wa nyumba hiyo hiyo. Mchukue basi mwanamke aliyejaliwa mabinti watupu, au asiyejaliwa mtoto kabisa. Ng'ombe anao, au anaweza kuwapata. Mwana wa kuwatolea hana. Na pasipo mwana nyumba haina mrithi, wala hapana jina litakaloendelezwa. Ndipo mwanamke huyo anapowatoa ng'ombe yeye mwenyewe, wakaenda kwa wazazi wa msichana, msichana akaja bomani, akazaa na mwanamume ambaye hakutoa hata ndama, na watoto wakahesabiwa kuwa wa nyumba ile iliyotoa mahari, si wa mwanamume yule.

Magazeti hupenda kuandika kwamba mwanamke ameoa mwanamke, na kwa hesabu ya ng'ombe ni kweli. Kwa hesabu ya nasaba, hata hivyo, waliowachunguza Wakurya kwa makini wameeleza jambo lililo laini zaidi: mama yule si mume, bali ni mama mkwe. Msichana ametolewa mahari kwa ajili ya mwana wa kiume ambaye hakuzaliwa kamwe, na mwana huyo, asiyekuwa na mwili wala kaburi, ndiye anayeifanya hesabu yote itimie, kwa kuwa kwa ajili yake watoto watakaopatikana ni wajukuu halali wa nyumba. Kitanda hakimo kabisa katika mapatano ya wanawake hao wawili, na mtunzi atakayekitia humo ataandika habari nyingine, pengine nzuri, lakini si ya Tarime.

Tazama basi kilichofanyika. Wajibu wa mume, ambao tumezoea kuuona ukikaa katika kiwiliwili kimoja, umegawanywa mafungu matatu: ng'ombe wametoka kwa mama, mbegu imetoka kwa mwanamume mpita njia, na jina limetoka kwa mtu asiyekuwapo. Mgeuzo ambao mtunzi wa kawaida huufanya kwa kumbadili mhusika mmoja, hapa umefanywa kwa kuvunja cheo vipande na kuvigawa kwa watu mbalimbali, na kila kipande kimechukua ugomvi wake.

Ng'ambo ya mpaka, kwa Wanandi wa Kenya, ada iliyo jamaa ya hii imeshika njia nyingine, kwani huko mwanamke atoaye mahari husemwa kuwa amekuwa mwanamume. Na Regine Smith Oboler, katika makala yake ya mwaka 1980, aliuliza kama mume huyo wa kike ni mwanamume kweli, akaona kwamba kauli za watu na mwenendo wao havilingani. Njia ya Kinandi inafaa mtunzi wa mzaha na wa tamthilia, maana jukwaa hupenda mtu anayesema hivi na kutenda vile. Kwa riwaya, rai yangu ni kwamba ya Kikurya ina kina zaidi.

Lugha yetu nayo imempa mtunzi neema ambayo mwenziwe wa Kiingereza ameikosa. Mtu anaweza kwenda mnadani, akachagua madume, akabishana na wazee wa upande wa pili, akahesabu na kuhesabiwa, kwa kurasa tatu nzima, na kiambishi cha kitenzi kisiseme kama ni mke au mume. Msomaji atajaza mwanamume kwa hiari yake mwenyewe. Neema hiyo na itumiwe kwa kiasi. Siri ikifichuka katika ukurasa wa nne na nyuma yake hapana deni, hadithi imekwisha hapo.

Na deni lipo tele. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaijua ndoa kuwa ni muungano wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo nyumba ntobhu husimama mbele ya ng'ombe na wazee, na huyumba mbele ya hakimu. Ilhali kule Kenya, mwaka 2011, Mahakama Kuu ya Mombasa, katika shauri la mirathi, iliikubali ada ya Wanandi. Mama akifa, nani atarithi shamba, na ndugu za marehemu mumewe watanyamaza? Mwanamume wa mbegu akirudi uzeeni, akiwa hana kitu, akawadai watoto waliokwisha kukua, atajibiwa nini? Wala asijidanganye mtunzi kuwa hapa amepata pepo ya wanawake: wako walioingia katika nyumba ntobhu kwa kukimbia vipigo vya waume, na wako wasichana wadogo waliotolewa kwa sababu baba aliwatamani ng'ombe, wasiulizwe. Atakayeonyesha kundi moja na kulificha la pili ameandika tangazo la biashara.

Baki ni suala la nani asimulie. Mama nisingempa kazi hiyo, kwa kuwa hesabu yote anaijua tangu mwanzo na hana la kustaajabia. Wala mwanamume yule, ambaye atanung'unika tu. Ningempa mke kijana, aliyeletwa kwa mume ambaye nyumba nzima inaishi kwa ajili yake na hapana aliyemwona, naye siku moja ampeleke mwanawe kuandikishwa shule, aulizwe na mwalimu jina la baba wa mtoto, huku mkwewe amesimama kando yake. Na sura hiyo ningeiandika kabla ya sura nyingine yoyote.