Silabi ya Tahajia na Silabi ya Usemi: Uhakiki wa Kanuni ya Mkazo katika Vitenzi vya Kihispania

Sehemu hii inahakiki uamuzi wa *Ortografía de la lengua española* ya mwaka 2010, iliyotolewa na Akademia ya Kifalme ya Kihispania pamoja na akademia wenza, kuhusu maumbo ya vitenzi kama vile *guio* (aliongoza) na *crie* (nililea). Kwa mujibu wa kanuni hiyo, irabu *i* au *u* isiyo na mkazo ikifuatwa na *a*, *e* au *o*, irabu hizo mbili huhesabiwa kuwa silabi moja katika tahajia, bila kujali matamshi. Kwa kuwa maneno ya silabi moja kwa kawaida hayawekewi alama ya mkazo, maumbo ya awali *guió* na *crié* hayakubaliki tena. Toleo la mwaka 1999 liliwaruhusu wanaotamka silabi mbili kuendelea kuweka alama.

Hoja ya Akademia ina nguvu. Nchini Meksiko wengi hutamka silabi moja, ilhali nchini Hispania wengi hutamka mbili. Tahajia ikifuata matamshi ya kila eneo, neno moja litaandikwa kwa namna mbili.

Hata hivyo, kanuni hii inaficha jambo la msingi. Katika vitenzi vya Kihispania mkazo hubeba maana ya kisarufi: *canto* ni "ninaimba", *cantó* ni "aliimba". Msomaji huzoea kuiona alama iliyo juu ya irabu ya mwisho kuwa dalili ya wakati uliopita. Katika *enviar* maumbo yote mawili yana alama, *envío* na *envió*, na mahali pa alama ndipo panapoyatofautisha. Katika *guiar* mpangilio unapinduka: wakati uliopo, *guío*, ndio wenye alama, na uliopita, *guio*, hauna. Tofauti haijapotea, lakini ruwaza moja ya kimofolojia imevunjwa kwa kigezo cha idadi ya silabi ambacho hakiafiki usemi wa wengi.

Athari yake ni kubwa zaidi kwa mwanafunzi mzungumzaji wa Kiswahili. Katika Kiswahili kila irabu kwa kawaida huunda silabi yake, *ki-li-o*, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Akikutana na *rio* (alicheka) atasoma *ri-o* kwa mkazo kwenye *i*, na hapo atakuwa ametamka *río*, yaani "ninacheka".

Utafiti huu haupendekezi alama hiyo irejeshwe. Unachodai ni kwamba kanuni ya tahajia isifundishwe kana kwamba ni maelezo ya fonolojia. Mkazo wa kila njeo ufundishwe kwanza, tahajia ifuate. Mwanafunzi anayejua kwamba *guiar*, kama *cantar*, huweka mkazo kwenye irabu ya mwisho katika nafsi ya tatu umoja ya wakati uliopita, atasoma *guio* ipasavyo hata pasipo alama.