Tegemeo si tegemezi: Kiswahili cha kompyuta ya nyumbani kinatupotosha

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, familia nyingi zimebaki na swali moja: kompyuta ya nyumbani tuiwekee mfumo gani sasa? Vipakatalishi vingi vya mtumba tunavyowanunulia watoto haviwezi kuipokea Windows 11 kwa sababu havina TPM 2.0, sehemu ya usalama ambayo mfumo huo huidai. Fundi mmoja anakwambia ununue mashine mpya. Mwingine anakwambia, “Weka Linux, ni ya bure.” Mzazi anabaki kukodoa macho.

Mimi si fundi. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na istilahi zetu. Sizungumzii tena ule ugomvi wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi; huo umetupotezea muda wa kutosha. Nazungumzia maneno ambayo mtu akiyaelewa vibaya, mashine yake inaharibika au pesa zake zinapotea.

Chukua neno “bure”. Waingereza wana neno moja tu kwa kitu kisicho na bei na kitu kisicho na pingu, na wanaharakati wa programu wamelazimika kulieleza kwa miaka na mikaka. Sisi hatuna shida hiyo. Tuna “bure” na tuna “huria”, kama katika soko huria. Windows iliyowekwa kimagendo kwenye mashine ya mtumba ni ya bure kwa maana ya kwamba hukuilipia. Huria haiwi kamwe. Linux Mint na Debian ni huria: unaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kumpa jirani nakala bila kumwomba yeyote ruhusa. Fundi anayesema “ni ya bure” tu anaiuza bidhaa nzuri kwa jina baya, maana kwetu “bure” pia ni kitu kisicho na thamani. Hapa lugha ilitupa upanga nasi tukaushika kwa makali.

Kosa kubwa zaidi limo katika neno “kitegemezi”. Programu nyingi haziwezi kufanya kazi peke yake. Programu ya kuandikia barua, kwa mfano, huhitaji maktaba za kuchora herufi na za kuwasiliana na printa. Wapo wanaoziita maktaba hizo “vitegemezi”. Jamani! Mwanafunzi yeyote wa sekondari anajua kishazi tegemezi ni kipi. “Ijapokuwa baba alinunua kompyuta” ni kishazi kinachoning'inia hadi kishazi huru kije kukishika. Tegemezi ni yule anayeegemea. Anayeegemewa ni tegemeo. Kwa hivyo programu ya barua ndiyo tegemezi, na maktaba ni tegemeo lake. Mfasiri aliligeuza neno la Kiingereza bila kuuliza nani anamwegemea nani.

Msinijibu eti huo ni ukereketwa wa sarufi. Mzazi anayetaka kupunguza mzigo kwenye diski akiona orodha ya “vitegemezi” atadhani ni kupe waliojishikiza tu. Akivifuta, programu tatu alizozihitaji zinaweza kuondoka navyo. Lakini akisoma “mategemeo”, atasita. Neno sahihi lingemwonya pasipo fundi.

Jozi hiyo hiyo, tegemezi na tegemeo, inatusaidia kuelewa mjadala mwingine unaowachosha wengi: programu ifungashwe vipi? Kwenye Debian na Linux Mint, njia ya kawaida ni kuzitoa katika ghala moja linalotunzwa na wenye mfumo. Programu nyingi huegemea mategemeo yale yale, kama wapangaji wanaopikia jiko moja. Nafasi inaokolewa, na tegemeo moja likirekebishwa, wote wananufaika. Snap na Flatpak ni wapangaji wanaohama na sehemu kubwa ya vyombo vyao. Hula nafasi zaidi, ila hupata matoleo mapya upesi, na kwa kawaida huzungushiwa ua ili zisiguse kila kitu nyumbani. Ubuntu husambaza Firefox kwa njia ya Snap tangu toleo lake la Oktoba 2021. Linux Mint imeizuia Snap, isipokuwa mwenyewe uiruhusu, tangu 2020.

Angalia pia kwamba nimesema “ghala”, sikusema “duka”. Dukani unamkuta mwenye mali anayetaka ununue. Ghalani unamkuta mtunzaji anayekagua kinachoingia. Tukiviita vyote “duka”, tunamnyima mtumiaji swali la msingi: ni nani aliyekagua hiki ninachokipakua?

Basi mzazi afanye nini? Kama shule au mwajiri anadai Microsoft Office yenyewe, abaki na Windows iliyo na leseni, kwani LibreOffice huzifungua faili hizo lakini mpangilio wa kurasa huweza kuyumba. Kama kazi ni kuandika, kusoma na kuvinjari, Linux Mint 22 inatosha, na itahudumiwa hadi 2029. Achukue programu ghalani kwanza. Flatpak ije pale ghala linapokosa.

Kwa wanaistilahi nina ombi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitupatia Jambo OpenOffice, kikathibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kukaa kwenye kiwambo bila aibu. Hatuhitaji tena kuthibitisha hilo. Kilichobaki ni kuyapitia maneno moja moja na kuuliza kama yanamwongoza mtu aliyeketi mbele ya mashine au yanamtia shimoni. Mimi ningeanza na “kitegemezi”.